Kuteleza kumepata alama 10, amonia 5: nianze na ipi?

Swali: Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha maziwa hapa Nakuru. Tuna mitambo ya baridi ya amonia, boila, na matangi ya kostiki soda, asidi ya nitriki na haipokloraiti ya kusafishia. Nimeorodhesha hatari na kuzidisha uzito wa madhara kwa uwezekano, kila kimoja 1 hadi 5. Kuteleza sakafuni kumepata 10, amonia kuvuja 5. Je, nianze na sakafu?

Jibu: La. Gawa orodha mara mbili. Kuteleza na kujikata viwe na orodha yao. Ya pili ibebe chochote kinachoweza kutoka kwenye paipu au tangi na kuua watu kadhaa kwa mpigo, nayo ipange kwa uzito wa madhara kwanza. Uwezekano utumie tu kupambanua hatari zenye uzito sawa. Kiwanda cha mafuta cha Texas City, Marekani, kilikuwa na takwimu nzuri za majeraha ya kazini. Mwaka 2005 mlipuko ukaua watu 15 hapo.

Halafu, ile 1 ya uwezekano wa amonia kuvuja umeitoa wapi? Kama ni kwa sababu haijawahi kutokea kwenu, ifute. Pima vizuizi vilivyopo. Chukua kazi ya kutoa oili ya kompresa kwenye mfumo. Oili ni nzito kuliko amonia iliyo kimiminika, kwa hiyo hutulia chini ya chombo. Ikiwa baridi hutoka polepole, fundi akaongeza kufungua valvu. Oili ikiisha, amonia hufoka nyuma yake na fundi hawezi tena kuifikia valvu. Lita moja ya amonia iliyo kimiminika hutoa zaidi ya lita 800 za gesi, na sehemu 300 tu katika milioni ya hewa ni hatari kwa maisha. Nenda ukaangalie mwenyewe: kuna valvu ya springi inayojifunga mkono ukiachia? Chombo hutengwa na mfumo kabla ya kazi? Yuko fundi wa pili, mwenye kinyago? Ukikosa kimoja, usiandike 1.

Kuna hatari nyingine ambayo naona hukuitaja: lori la asidi kupakua kwenye tangi la haipokloraiti. Vikikutana, gesi ya klorini hutoka papo hapo, nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, ikatambaa chini hadi kwenye mitaro na vyumba vya wafanyakazi. Rangi na maandishi havitoshi, hasa usiku. Weka viungio vya ukubwa tofauti, visivyoweza kuingiliana, na kufuli kwenye kila mdomo wa kujazia, ufunguo ukae kwako. Kila tangi liwe na ukuta wake wa kuzuia mmwagiko. Mimi ningeanza hapa, kwa sababu gharama ni ndogo na kazi yaweza kuisha wiki hii.

Kwa boila, jaribu kifaa kinachoizima maji yakipungua, na usikubali valvu ya usalama iliyofungwa kwa waya.

Orodha ipitie kamati ya usalama pamoja na mafundi wa zamu ya usiku, kisha irudiwe kila mnapobadilisha paipu, kemikali au msambazaji. Ukaguzi wa kila miezi 12 chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 hauchukui nafasi ya kazi hiyo.