Pigo, mpigo au mdundo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi Mbale, Uganda. Juzi nilimweleza jaja mmoja (ndivyo tunavyowaita babu na bibi huku) kuwa kipimo cha moyo kimeonyesha "pigo la moyo lisilo sawa". Akaanza kulia. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba. Tiba hukukosea, ulikosea umoja na wingi. Pigo kwa Kiswahili ni msiba: mtu hupata pigo akifiwa, timu hupata pigo nahodha akivunjika mguu. Mapigo ya moyo, kwa wingi, hayana balaa hilo. Ukitaka mmoja tu, sema mpigo.

"Sawa" nalo lilikuponza. Wewe ulimaanisha linganifu, jaja akasikia zima, yaani lenye afya. Nafasi kati ya mpigo na mpigo zikitofautiana, sema mapigo hayana mpangilio.

Maneno yanayonikera zaidi ni kasi na mdundo, maana huchanganywa hata na wenye stethoskopu shingoni. Kasi ni hesabu. Karatasi ya elektrokadiogramu (mchoro wa umeme wa moyo) ikienda milimita 25 kwa sekunde, mraba mkubwa mmoja ni sekunde 0.2, hivyo kasi ya mapigo yenye mpangilio hupatikana kwa kugawa 300 kwa miraba mikubwa iliyo kati ya vilele viwili vya R, ile ncha kali ya kila mpigo. Miraba 4 ni mapigo 75 kwa dakika, na mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Mdundo ni habari nyingine. Mpiga engalabi, ile ngoma ndefu ya Uganda, anaweza kutimiza idadi ileile kwa dakika na bado akawavuruga wachezaji. Moyo nao huweza kuwa na kasi ya 80 huku mawimbi ya P, yale madogo yanayotangulia vilele, hayaonekani na vilele vya R vimetawanyika ovyo, kwa kuwa vyumba vya juu vinapapatika badala ya kujikaza. Hali hiyo mimi huiita mpapatiko. Aliyewahi kumshika kuku mbawa hahitaji maelezo. (Hapo usigawe 300. Hesabu vilele katika miraba mikubwa 30, yaani sekunde 6, uzidishe kwa 10.) Ukimwambia mgonjwa huyo "mapigo yako 80, ya kawaida", umesema kweli ya kasi na kumficha mdundo.

Herufi P, Q, R, S na T, majina ya sehemu za mchoro huo, ziache zilivyo. Alizichagua Willem Einthoven, Mholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, na hazifasiriki.

Mgonjwa akikwambia "moyo umeruka", usimsahihishe. Mara nyingi ni mpigo uliokuja mapema ukafuatwa na kituo kirefu, na kituo hicho ndicho anachokisikia kama kuruka. Andika faili lako upendavyo, ila kwa jaja rudi useme: "Jaja, mapigo yako hayana mpangilio, twende kwa daktari akueleze."