Gia ya 34 kwa 28 itanifikisha Amani?

Swali: Fundi habari za kazi. Mimi niko Chumbageni, nimenunua baiskeli ya greveli, yaani ya barabara za vumbi na mawe, ya mtumba. Mbele ina meno 50 na 34, nyuma gia 9 kuanzia meno 11 mpaka 28, tairi ni 700 kwa 38 zenye tyubu, breki za disiki za waya. Mwezi wa saba nataka tutoke na wenzangu wawili, Muheza mpaka Amani kule juu milimani Usambara, tulale huko tushuke kesho yake. Ramani ya simu inasema kuanzia Zigi mlima una wastani wa asilimia 5 au 6 tu. Mimi nina kilo 70 na hapa mjini kilomita 50 napiga bila shida. Gia hizi zinatosha au nibadilishe? Na upepo nijaze kiasi gani?

Jibu: Salama mdogo wangu, na hongera kwa baiskeli. Nikwambie moja kwa moja, hiyo 28 ya nyuma haitoshi, badilisha kabla hujaondoka. Najua utasema wapo wanaopanda na Phoenix na mkungu wa ndizi nyuma, ni kweli wapo, ila waangalie vizuri, pale penye mlima mkali wanashuka wanasukuma, na wao hawana safari ya siku mbili mbele yao.

Hizo kilomita 50 za Tanga mjini zisikudanganye, huku kwetu tambarare, ndo maana kila nyumba ina baiskeli. Njia ya milimani usiihesabu kwa kilomita, na huo wastani wa simu usiutegemee peke yake. Kutoka Zigi, kama mita 450 juu ya bahari, mpaka Amani, mita 900 hivi, ni kilomita saba nane, ukigawanya kweli unapata hiyo asilimia 5 au 6. Lakini wastani unachanganya kipande cha kupumua na kona inayopinda huku inapanda, na miguu inaishia kwenye ile kona. Simu nayo inasoma urefu wa ardhi kwa vipimo vilivyoachana mita 30 hivi, kona kali inailaza, na penye msitu mkubwa vipimo vingine vinasoma vichwa vya miti badala ya barabara. Kwaiyo mimi nikimpangia mtu gia za njia kama ile nachukulia asilimia 10, siangalii wastani.

Sasa tupige hesabu. Wewe, baiskeli, maji na mzigo wa kulala tuseme kilo 85. Gia yako nyepesi kabisa ni 34 kwa 28, tairi lako likizunguka mara moja linakwenda mita 2.2 hivi, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, na chini ya hapo magoti yanaanza kulia, unakwenda karibu kilomita 9.6 kwa saa. Kwenye asilimia 10 mwendo huo unadai kama wati 245 za miguu. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida akishikilia 150 mpaka 180 kwa saa nzima amefanya kazi, hiyo 245 ataitoa dakika chache tu halafu anakufa. Ukiweka nyuma meno 34 deni linashuka mpaka kama 200. Bado utatoka jasho ila unakaa kwenye siti, na ukipata 36 ni bora zaidi.

Kubadilisha sio gharama ya kutisha ila usinunue gia peke yake. Ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, kama ni mfupi wa baiskeli za resi, hauwezi kubeba 34, utagusana na meno na siku moja utaingia kwenye spoki katikati ya msitu. Tafuta mkono mrefu wa mauntini wa gia 9. Kama shifta zako ni Shimano za gia 9 unakubaliana nazo kabisa, na kwenye mitumba ya Ngamiani inapatikana ukiwa na subira. Cheni nayo lazima irefuke: izungushe kwenye meno makubwa ya mbele na makubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono, ikutane, halafu ongeza pingili mbili, hapo kata. Fundi akikwambia cheni ya zamani inatosha mwambie aipime hivyo mbele yako.

Upepo. Hapa mjini tumezoea kujaza mpaka tairi linalia ukiligonga, kwenye vumbi lenye mawe hiyo ni kujitesa, tairi gumu linaruka juu ya kila jiwe, ukisimama kukanyaga la nyuma linateleza. Kwa kilo zako na tairi la 38 weka mbele paundi 38, nyuma 42. Usishuke sana chini ya hapo maana una tyubu, ukigonga jiwe kwa kasi ringi inaibana inatoboka matundu mawili yamekaa sambamba. Ukiyaona hayo ujue sio mwiba, ni upepo mdogo. Beba tyubu mbili, solusheni na pampu.

Njia yenyewe: Tanga mpaka Muheza pakieni kwenye gari, ile ni barabara kuu ya mabasi na malori, haina raha. Toka Muheza saa kumi na mbili asubuhi. Mpaka Amani ni kilomita 35 hivi, mwanzo machungwa, baadae mitiki ya Longuza, kuna vipande vimewekwa lami na vingine vumbi jekundu, na mpaka Zigi utaona kama safari rahisi. Pumzika hapo, lipia hifadhi, jaza maji. Reli ya Mjerumani iliishia hapo Zigi, nyumba ya stesheni masta bado ipo, na kuanzia hapo unaelewa kwanini treni haikuendelea. Julai ni kipupwe, lakini Amani inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na wakati wowote inaweza kunyesha, ule udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni na unajaa kati ya tairi na fremu. Hakikisha kidole kinapita hapo. Ikinyesha kubwa subiri kwa watu, usilazimishe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni kushuka, na hukuniuliza. Miaka ya nyuma nilishuka Amani na breki za ringi, nimezibana mfululizo toka juu, nikasikia mlio kama bunduki, tyubu ya mbele imepasuka kwa joto. Niliangukia upande wa mlima, sio upande wa bonde, Mungu alinisaidia. Nilipotemea mate kwenye ringi yalichemka. Disiki zako hazichemshi ringi ila pedi zinapata moto na zinaisha haraka, na kwenye breki nyingi za waya pedi ya ndani haijisogezi, lazima uisogeze mwenyewe kwa alenki kadiri inavyolika. Asubuhi ya kushuka bana breki: hendeli ikigusa usukani kaza waya na sogeza ile pedi. Pedi ikibaki nyembamba kama sarafu badilisha. Njiani bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena, usivute kidogokidogo muda wote. Na kaa kushoto hata barabara ikiwa tupu, maana bodaboda wengi wanashuka wamezima injini kuokoa mafuta, humsikii mpaka yuko mgongoni.

Ilete kwangu Ngamiani wiki mbili kabla, sio siku moja kabla, mkono na cheni mpya vinataka kilomita kama mia za kujaribiwa hapa hapa mjini. Na hao wenzako wawili waje na zao, nitazame pedi zote tatu.