Kabla hujaisugua sarafu ya bibi

Bibi yangu alizaliwa Unguja, akazikwa Maskati. Alichoniachia ni kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu, na chini kabisa noti chache zilizokunjwa mara nne. Siku lilipofika mikononi mwangu nilichukua majivu na ndimu, nikasugua sarafu moja ya shaba mpaka ikametameta. Ilikuwa robo ana (ana ni sehemu moja ya kumi na sita ya rupia) ya Sultani Faisal bin Turki wa Maskati, ya mwaka 1315 wa Hijria, yaani karibu 1897. Ile rangi ya kahawia niliyoidhani uchafu ilikuwa imejijenga kwa zaidi ya miaka mia, na mikwaruzo niliyoitia haitoki tena. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi, kama kwenu kuna kopo la namna hii, usisugue. Usitie ndimu, usitie dawa ya meno. Shika sarafu ukingoni kwa vidole vikavu, itandaze juu ya kitambaa cha pamba, kisha usome.

Anza na reale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Imeandikwa 1780, lakini usikimbilie kusema ina umri huo. Huo ni mwaka aliofariki, na wakaendelea kuzipiga kwa tarehe hiyohiyo kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni na pwani yetu walikuwa wameshaizoea. Ipime: inakaribia gramu 28. Pitisha kidole ukingoni, utasikia maandishi yameinuka. Ya bibi imetobolewa tundu juu ya kichwa, maana ilivaliwa shingoni. Wengine wangesema imeharibika; mimi tundu lile silibadilishi na reale kumi nzima. Masonara wa Oman waliyeyusha nyingi kupata fedha ya vidani na ala za majambia, kwa hiyo iliyosalia na tundu lake ina habari ya mwanamke aliyeivaa.

Ukija kwenye noti, angalia jina la nchi na jina la pesa. Hayo mawili tu yatakupa umri wake. Mpaka 1970 Oman haikuwa na noti yake. Watu walitumia rupia za India. Mwaka 1959 India ilitoa rupia maalumu za Ghuba, kwa sababu magendo ya dhahabu yalikuwa yakiimaliza akiba yake ya fedha za kigeni. Zinafanana na za India ila rangi, na namba zake huanza na Z. India iliposhusha thamani ya rupia 1966, majirani walijitoa. Oman ikabaki nazo hadi Mei 1970, ilipotoa Riali Saidi, moja kwa rupia 21, yenye baisa 1,000.

Hapo ndipo ami yangu wa Maskati alipoweka kidole juu ya noti moja ya bibi. "Soma hapa, mwanangu. Imeandikwa Maskati na Oman." Sultani Qaboos alishika utawala Julai ya mwaka uleule, nchi ikaitwa Oman tu, na kufikia 1972 noti mpya zikasema Riali ya Oman. Noti yenye majina yale ya zamani ilipata maisha mafupi sana. Usiikunjue kwa pasi. Iweke kati ya karatasi safi ndani ya kitabu kizito.

Za karibuni zina hukumu nyingine. Mapema 2024 Benki Kuu ya Oman ilitangaza kwamba matoleo kadhaa ya zamani yangekoma kutumika mwisho wa mwaka huo. Kama ndugu alikuletea riali za miaka ya tisini na ukaziweka akiba, ulizia benki kabla hujazipangia safari.

Na hiyo baisa isikupite: ni ndugu wa "pesa" yetu, yote mawili yametoka kwenye paisa ya Kihindi. Katika kopo la bibi, baisa za Qaboos zenye jambia zililala pamoja na pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ya 1299 wa Hijria, yenye picha ya mizani. Hiyo sijaigusa kwa ndimu. Bado ni nyeusi, na vitanga vyote viwili vya mizani vinaonekana.