Jibu: Taa za mchana kwenye MX-5 ya zamani

Mkuu, umeuliza kama Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza inaweza kufungwa taa za mchana (zinazowaka mchana ili gari lionekane) bila kuinua zile taa kubwa zinazochomoza. Inawezekana, na mimi naipendelea njia hiyo, maana gari hili taa zikilala ndipo linapopendeza.

Nunua taa za LED zenye alama ya RL kwenye kioo. Hizo zimepimwa kwa kazi hii. Zile tepu za kubandika hazionekani juani. Sheria za Ulaya zinataka taa ziwe angalau sentimita 25 kutoka ardhini na 60 kati yake, kwa hiyo pima bampa kwanza. Usizibe mdomo wa hewa, rejeta inauhitaji.

Kwenye waya ndipo wengi wanapoharibu. Betri ya gari hili iko kwenye buti, basi usihangaike kuvuta waya kutoka huko; chukua umeme kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti, weka fyuzi ndogo karibu kabisa na chanzo, kisha pitisha kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayoamshwa na waya unaopata umeme ukiwasha swichi ya gari tu. Waya wa tatu wa taa unganisha na taa ndogo, ili ukiwasha taa usiku hizi zizime au zififie.

Vile vifaa vinavyojiwasha kwa kunusa volti za alteneta (inayochaji betri) nisingeviweka. Kwenye gari lenye umri huu volti hushuka injini ikiwa sailensa (inanguruma gari likiwa limesimama), na taa zitakuwa zinawaka na kuzima kwenye foleni.