Mem iliyofungwa

Wiki iliyopita mliuliza, "Je, mtu wa nje ana haki ya kufanya biashara ya utamaduni usio wake?" Nimeyasoma majibu mliyochapa. Kuna aliyesema soko halina kabila, na kuna aliyesema huo ni wizi uliovishwa nguo nzuri. Swali limenigusa penye kidonda, maana huyo mtu wa nje ni mimi.

Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa. Ni Mwislamu, fundi wa cherehani, mtoto wa fundi. Tangu mwaka 2014 mimi na mwenzangu tuna duka dogo la zawadi za Kiyahudi mtaa wa Golders Green, kaskazini mwa London. Yeye ndiye Myahudi, na ndiye mchoraji. Mimi nashona, natafuta vitambaa, naweka hesabu, na siku nyingi mteja akiingia ananikuta mimi.

Jibu lililonijia kwanza lilikuwa ndiyo, ana haki kabisa. Sisi watu wa Pwani ndio wa mwisho wa kubisha hapo. Leso tunazojifunga, tunazotunzana harusini, tunazobebea watoto, kwa miaka mingi zilichapwa Uholanzi, Uingereza, Japani na India. Wenye maduka ya leso pale Barabara ya Biashara wengi wao wana asili ya Kihindi. Sijamwona bibi hata mmoja aliyeikataa leso ya Mali ya Abdulla kwa sababu ya kabila la mwenye duka. Akiangalia, anaangalia rangi imekaa na jina limesema analotaka kusema. Basi kama wao waliweza leso, mimi nitashindwaje na kifuniko cha mkate?

Niwaeleze kifuniko hicho ni nini. Ijumaa jioni Wayahudi hupokea Sabato kwa kuwasha mishumaa, kisha baraka juu ya divai, kisha baraka juu ya mikate miwili ya kusukwa iitwayo hala. Mpaka zamu yake ifike, mikate hukaa imefunikwa kitambaa. Kitambaa hicho ndicho kinacholipa kodi ya duka letu. Vingine tunavyouza ni sahani za asali za mwaka mpya wao, kadi, vinara vya sikukuu ya Hanuka vyenye matawi tisa, na vikasha vya mezuza, yaani ngozi yenye maneno ya Torati, vya kupigilia kwenye miimo ya milango. Oda nyingi huja kwa mafungu ya 18, kwa kuwa herufi zao huhesabiwa pia kama namba, na za neno lao "hai" zikijumlishwa hutoa 18, na maana yake ni hai ile ile yetu. Nilipoambiwa hilo mara ya kwanza nilimpigia mama simu Mombasa kumweleza.

Kikasha cha mezuza tunakibuni wenyewe, cha mbao au cha kauri. Ngozi inayotiwa ndani haibuniwi. Huandikwa kwa mkono na mwandishi aliyesomea kazi hiyo, mistari 22, herufi 713, na ikikosekana herufi moja ngozi nzima haifai. Mwenzangu alinieleza hayo wiki yangu ya kwanza. Niliitikia, nikadhani nimeelewa.

Mwanzoni mwa Desemba 2019 baba yake mwenzangu alifariki, akazikwa Jumapili. Baada ya maziko hukaa shiva, siku saba nyumbani, wafiwa kwenye viti vifupi, vioo vimefunikwa, watu wanaingia na kutoka kutoa pole. Ni matanga, sina neno jingine. Nilikwenda na matunda, kwa kuwa kwa sheria yao ya vyakula hawawezi kula cha sufuria zangu, nikakaa nao mpaka usiku. Mfiwa hafanyi kazi siku hizo. Duka likabaki mikononi mwangu.

Tulikuwa na oda ya vifuniko 90 kwa ajili ya bar mitzva, sherehe ya mvulana anapofikisha miaka 13. Kila mgeni angeondoka na kimoja. Mchoro ulikuwa tayari: makomamanga matatu yaliyopasuka punje zikionekana, na chini, karibu na upindo, maneno "Shabat shalom", salamu yao ya Sabato, kwa herufi za Kiebrania. Komamanga ni tunda wanalolipenda sana kwenye mapambo. Husemwa lina punje 613, sawa na amri za Torati. Jumatatu kiwanda cha uchapaji kikanitumia prufu, sampuli ya kukagua kabla ya kuchapa. Nilitazama makomamanga. Nilitazama wekundu wake, kwa sababu prufu ya kwanza ulikuwa umetoka kama kutu. Safari hii ulikuwa wekundu hasa. Nikaandika, "Sawa, chapeni." Haikunichukua dakika moja.

Jumatano asubuhi maboksi yakafika. Alasiri akaja babu wa mvulana. Huyu ni mzee wa Aden, bandari ya Yemen. Wayahudi wa kule walianza kuondoka kwa wingi baada ya fujo za mwaka 1947, wa mwisho wakatoka 1967, na baadhi yao walifikia London. Siku aliyojua natoka Mombasa alishangilia kama amempata jirani aliyepotea, akaanza kunitajia majahazi. Tangu hapo akiingia hunisalimu kwa Kiarabu, nami hujibu kwa kile kidogo nilicho nacho.

Nilikuwa nimekipiga pasi kifuniko kimoja. Nikamtandazia mezani. Akavaa miwani, akainama, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaweka kidole chini ya maneno, mwisho kabisa wa upande wa kulia.

"Binti, hii ni herufi gani?"

"Mem," nikasema. Nilikuwa nimejifunza kuzitambua kidogo kidogo.

"Mem ipi?"

Kiebrania kina mem mbili. Ya mwanzo na ya katikati ya neno ina uwazi mdogo chini. Ya mwisho imefungwa pande zote nne, kama chumba kisicho na mlango, na haikai popote ila mwisho wa neno. Mwisho, katika maandishi yao kama katika Kiarabu, ni kushoto. Hapo mezani mem iliyofungwa ilikuwa kulia, imetangulia herufi zote. Programu ya kiwandani haikukijua Kiebrania. Ilizichukua herufi ikazipanga kutoka kushoto, kama za Kiingereza, na salamu nzima ikasimama kinyumenyume. Kwenye vitambaa 90.

"Kwenu ulisoma Kiarabu?" akaniuliza.

"Nilisoma chuoni, mzee. Nilihitimu Kurani nikiwa na miaka kumi."

"Basi ulijua pa kuanzia."

Hakupaza sauti. Angepaza ningepata nafuu. Mimi nilijua kusoma kutoka kulia kabla sijajua kusoma kutoka kushoto. Ningeletewa "salamu" ya Kiarabu iliyogeuzwa hivyo ningepiga kelele kutoka mlangoni. Prufu ile niliifungua, nikakagua kila punje ya komamanga, na herufi macho yangu yakazipita kama maua ya pembeni. Sikuzisoma kwa sababu moyoni sikuzihesabu kuwa maneno. Zilikuwa urembo. Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi kuliko kosa lenyewe.

Nikapiga simu kiwandani; wakasema hawawezi kabla ya Jumatatu. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Na Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri, mishumaa huwashwa mapema zaidi, kwa hiyo Ijumaa mchana ndiyo ilikuwa mwisho wangu. Mwenzangu sikumpigia. Mtu aliye matangani hapigiwi simu ya biashara.

Mzee akaomba chai. Nikampa ya rangi yenye iliki, kwenye kikombe cha karatasi, maana ndivyo anavyokunywa kwetu. Akanywa, akakipima kitambaa kwa vidole, kisha akasema, "Kata." Maneno yalikuwa karibu na upindo, vidole vitatu tu. Ukikata vidole vitatu na kukunja upya, yanabaki makomamanga peke yake, na kifuniko bado kinafunika mikate.

Nikafunga mlango wa duka nikashika mkasi. Kitani kikikatwa huachia nyuzi mara moja, kwa hiyo kila kimoja lazima kipite overloki kwanza, kikunjwe, kipigwe pasi, ndipo kishonwe. Na kwa kuwa upindo wa chini ulikuwa mpya, pembe mbili zilibidi kufumuliwa na kukunjwa upya zisivimbe. Mzee alikaa saa nzima akinikunjia upindo kwa kucha, mpaka mwanawe akaja kumchukua. Hakuniambia lolote zaidi juu ya herufi. Alinieleza duka la nguo la baba yake Aden, na mashuka yaliyokuwa yakija kwa meli. Alhamisi usiku nilikuwa na 61. Ijumaa saa tano asubuhi nikamaliza cha 90, shingo haigeuki.

Chini ya meza kulikuwa na tepe 90 zenye maneno yaliyopinduka. Nikachukua mfuko wa taka, na mkono ukakataa. Bibi yangu Kibokoni alikuwa akiona karatasi njiani yenye herufi za Kiarabu, iwe ya sabuni, iwe ya dawa, huinama na mgongo wake mbovu, huifuta kwa leso, akaichomeka kwenye ufa wa ukuta wa matumbawe. Tulimwambia, bibi, hilo ni tangazo la sabuni. Akatujibu, herufi ni zile zile. Ule ufa ulijaa ukavimba.

Mzee alipokuja kuchukua mzigo nikamuuliza tepe nizifanye nini. Akaniambia wazee wao huhesabu "Shalom" kuwa miongoni mwa majina ya Mungu, na wapo ambao wakiiandika kwenye barua huacha herufi ya mwisho, ili karatasi ikitupwa jina lisitupwe nzima.

"Lakini hizi zimepinduka," nikasema. "Hazisomeki."

"Mimi nimezisoma," akasema.

Akauchukua mfuko ule akaupeleka kwenye geniza ya sinagogi lake, mahali pa kuwekea maandishi yaliyochakaa mpaka yazikwe. Nilikuja kujua baadaye kwamba geniza ya sinagogi moja la Cairo ilikaa karne nyingi bila kuzikwa, na ilipofunguliwa vipande zaidi ya 190,000 vikapelekwa Cambridge, ndani yake sala, na barua za wafanyabiashara wakilalamika kuhusu oda zao. Bibi angewaelewa watu wale.

Mwenzangu alirudi dukani Jumapili, nikamweleza yote. Akacheka, kisha akalia, na sikujua analia kwa ajili ya vifuniko au ya baba yake.

Sasa narudi kwenye swali lenu, na jibu nililoanza nalo limenitoka mkononi. Nilisema ana haki, na nikawatolea mfano leso. Lakini wauza leso wale walikaa hapo hapo Biashara. Leso ikitoka na neno la aibu, mwenyewe aliirudisha asubuhi ile ile, akamtandazia mwenye duka mezani, akamwambia maneno yake. Naona hapo ndipo penye shina. Heshima mimi nilikuwa nayo tele, na bado nilipitisha salamu ya watu kinyumenyume, tena wiki ya msiba. Kilichoniokoa ni mzee aliyeweza kufika dukani, kuweka kidole, na mimi nikawa sina pa kukimbilia. Kwa hiyo nasema hapana, haki hana. Anapewa ruhusa na watu wenyewe, na wanaweza kuichukua siku yoyote wakiona vema. Anayeuza kutoka mbali, ambaye hakuna mzee awezaye kumfikia, mimi naona aache.

Nimemsomea mwenzangu aya hiyo, na ameipinga. Ananikumbusha kwamba kosa lile la kupindua herufi ni la kila siku, na limewapata Wayahudi wenzake pia, kwa sababu wengi waliozaliwa hapa hukisoma Kiebrania kwa shida. Yeye mwenyewe hukisoma polepole. Anasema angekuwepo Jumatatu ile, na baba yake hajafa, huenda naye angetazama wekundu tu. Simwamini sana kwa hilo. Lakini siwezi kuapa kwamba si kweli.

Na lipo jambo la wiki hii ambalo linanisumbua katika hukumu yangu. Tumeletewa sampuli za pia za Hanuka, zile za mbao za pande nne wanazochezea watoto. Kila upande una herufi, kwa kifupi cha "muujiza mkubwa ulitokea kule". Huko Israeli kwenyewe husemwa "ulitokea hapa", kwa hiyo herufi moja hubadilika: nje huwa shin, Israeli huwa pe. Mwenzangu alizigeuza mkononi, akazisifu zilivyopigwa msasa, akazirudisha kwenye boksi. Nikazitoa tena. Siku hizi herufi nazisoma moja moja, kwa kidole, kutoka kulia. Upande wa nne ulikuwa na pe.

Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akatazama, akachukua simu kumpigia muuzaji.