Tembeeni kabla hamjaita mpimaji

Juzi nimepokea ujumbe wa sauti wa dakika sita kutoka kwa kijana wa Mkuranga. Kazi anafanya Kariakoo, kwao ni kijijini, na wazee wamempa ukatibu wa kamati kwa kuwa ndiye msomi wao. Kuna mtu anataka mashamba pale akate viwanja. Kijana hapingi. Barabara anaitaka, umeme anautaka, bei nzuri anaitaka kama sisi sote. Swali lake lilikuwa moja: "Kaka, tunafanyaje tupate hivyo vyote na kijiji kibaki kijiji?"

Niliusikiliza mara tatu nikiwa kwenye foleni ya pantoni. Mimi nilishakuwa yeye: katibu, msomi, faili kwapani.

Kwetu ni Kigamboni, nyuma ya Gezaulole. Jina hilo ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone", na mimi nilijaribu nikaona. Mwaka 2008 Serikali ilipotangaza mradi wa mji mpya wa Kigamboni, watu wengi wa huku walikaa miaka bila ruhusa ya kujenga. Nyumba inadondoka udongo, unaitazama tu. Kwa hiyo daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016 tulikuwa na njaa ya maendeleo. Daraja lenyewe ni mita 680 tu, lakini kwetu madalali walifika kabla ya lami.

Tukasema tusikatwe vipande ovyo, tupimwe. Wazo hilo lilikuwa langu na mpaka leo silijutii, maana sehemu zisizopimwa leo hata gari la wagonjwa halipiti. Dalali atakwambia ekari moja inatoa viwanja kumi vya 20 kwa 20, kwa kuwa ekari ni mita za mraba 4,047. Hesabu yake ni sahihi, ila haina njia, haina uwanja wa watoto, haina pa kuzikana. Ukitoa njia tu unabaki na saba, nane. Hili nililieleza mkutanoni mpaka sauti ikakauka, na watu walinielewa. Najisifu kidogo hapo, mniruhusu.

Mchoro ulipokuja tuliubandika ubaoni, darasani. Mistari imenyooka kama imepigwa na rula, njia pana, eneo la wazi limepakwa kijani. Wa kwanza kupiga makofi nilikuwa mimi. Kisima hakikuwemo kwenye karatasi ile. Mwembe haukuwemo. Makaburi hayakuwemo. Mpimaji alichora alichoagizwa, na aliyeagiza ni mimi.

Siku ya kuweka bikoni, yale mawe ya zege ya mipaka, nilimkuta shangazi yangu anafagia chini ya mkwaju, kanga kaifunga kiunoni. Zege la bikoni lilikuwa bado bichi, hatua mbili kutoka alipokuwa anafagia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hili jiwe la nani?"

"La kiwanja, shangazi. Ni mpaka."

"Na hapa amelala nani?"

Nilijua. Baba yake, babu yangu mimi. Sikujibu, naye hakungoja jibu. Aliendelea kufagia, akaizunguka ile bikoni kwa uangalifu kama vile ni mgeni aliyelala. Baada ya hapo alininunia miaka miwili. Nikifika kwake anaingia ndani, anamtuma mtoto aniulize nimefuata nini.

Kaburi tulilinusuru kwa kubadilishana kiwanja, mbio na karatasi ambazo sina haja ya kuwachosha nazo. Njia ya kisimani hatukuiwahi. Mwenye kiwanja alijenga ukuta, ni haki yake, ana hati. Nilipima kwa simu: mita 140 za zamani leo ni karibu 900, kwa kuzunguka. Lile eneo la kijani mtu ameshaweka fremu nne, moja wanauza chipsi. Na kuna kijana alisimama mkutanoni akaniita dalali mbele ya watoto wangu. Kiwanja cha posho ya kamati nilichukua, sikatai. Lakini dalali? Bado linanichoma.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Watu wakisikia "kijiji kibaki kijiji" wanawaza makuti na vibatari. Hapana. Bati wekeni, umeme vuteni. Kijiji ni ile njia ya mguu inayopita uani kwa mwenzio, unapiga hodi bila kusimama. Ni mwembe ambao siku ya msiba watu wote wanaenea chini yake. Ni kujua kwamba huku Pwani ardhi inaweza kuwa ya huyu na minazi iliyomo ikawa ya yule. Kwenye mchoro wangu mwenye minazi hakuwepo kabisa, alijua siku inakatwa.

Kwa hiyo tembeeni. Kabla ya mpimaji, kabla ya mwekezaji kununua soda za mkutano, tembeeni na wazee, na hasa kina mama, maana wao ndio wanaojua maji, kuni na mti wa mkole wanakochezwa wanawali uko wapi. Kila mnaposimama, weka alama kwenye simu. Kisha mtoe karatasi yenu, hata iwe ya daftari, mseme: barabara zipite popote, lakini hivi vinabaki. Halafu mwandike kwenye muhtasari na watu wasaini. Mimi sikutembea. Nilikaa darasani.

Na nyie mna kitu sisi tulishakipoteza. Kwenu bado ni kijiji kisheria, kwetu ni mtaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie, na mkutano mkuu ni kila mkazi mtu mzima, siyo wanakamati tisa na chai. Sheria Na. 6 ya 2007 inawapa nafasi ya kupanga wenyewe matumizi ya ardhi: hapa makazi, hapa mashamba, hapa msitu. Fanyeni hivyo sasa. Mkishaingizwa mjini, mchoro ni wa manispaa, nanyi mtabaki kuomba. Msidanganywe kwamba mkutano mkuu unachelewesha maendeleo. Kilichotuchelewesha sisi ni kuzunguka ukuta na ndoo kichwani.

Idi iliyopita shangazi alinifungulia mlango mwenyewe. Jana nikamsikilizisha ujumbe wako, akauliza Mkuranga ni daladala ngapi kutoka Mbagala. Nipe tarehe ya kutembea, tutakuja wawili. Mtafutie kiti tu, magoti yanamsumbua, na kila kwenye kisima atataka kukaa kidogo.