Ukiandika 40, Ziwe 40: Kwa Dada wa Musoma na Wengine Wote Mnaochapa

Wiki hii nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Musoma, mchongaji wa mbao, ambaye ameanza kuchapa picha kwa skrini, yaani kusukuma rangi kupitia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Alichapa 30, akabandika juu ya kila moja vipande vya kanga na karatasi, akaandika namba ya kila moja kati ya 30, ahadi kwamba hazitaongezeka, akatia sahihi. Zimeisha zote. Sasa wateja wanampigia simu asubuhi na jioni, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Anauliza: "Kaka, skrini bado ninayo na rangi ipo. Nikichapa nyingine 20 nani atajua?"

Nilimjibu neno moja: usithubutu. Baadaye nikaona nimemkatisha tamaa bila kumpa sababu, na najua hayuko peke yake. Ninyi mnaonisoma mnataka kile ninachokitaka mimi: kazi yako itundikwe sebuleni kwa mtu, na mgeni akiuliza, mwenye nyumba aitaje kwa majivuno. Kwa hiyo naomba nisimulie yangu.

Mimi ni mchongaji. Nafanya kazi ya saruji na vyuma chakavu hapa Kirumba, Mwanza, na kabla ya hapo nilikuwa nachapa fulana za harusi, misiba na kampeni. Miaka ya fulana siisimulii, haina la kusimulia. Shida ya sanamu mnaijua: nzito, ghali, na mnunuzi wake ni hoteli au taasisi, wanaolipa wakitaka. Mwalimu wa sekondari anaipenda, anaizunguka, anaipiga picha kwa simu, anaondoka.

Aliyenifungua macho ni mchongaji mwenzetu, Eduardo Paolozzi. Alizaliwa Leith, Uskoti, mwaka 1924, mtoto wa Waitaliano waliouza aiskrimu, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kukusanya kadi za sigara na picha za magazeti. Mwaka 1947 akiwa Paris alikuwa anakata magazeti ya Kimarekani na kuyabandika upya. Mwaka 1965 akatoa As Is When, picha 12 za skrini kuhusu mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein. Paolozzi alileta kolaji zake, yaani picha za vipande vilivyobandikwa. Chris Prater, fundi wa Kelpra Studio huko London, akazigeuza stensili za kupitishia rangi kwa kukata kwa mkono. Toleo lilikuwa la nakala 65. Huyu ni mtu ambaye sanamu yake ya shaba ya mwanasayansi Newton imekaa nje ya Maktaba ya Uingereza, na hakuna anayeweza kuibeba kwenda nayo nyumbani. Picha ya skrini inabebeka. Baadaye akapewa cheo cha Sir, akafariki 2005, jina likazidi kupanda, na zile 65 zimebaki 65.

Wachongaji hatupaswi kulishangaa jambo hili. Sanamu ya shaba nayo hutolewa kwenye kalibu zaidi ya mara moja, na Ufaransa sheria inahesabu 12 tu kuwa kazi halisi: nane zenye namba na nne za msanii. Ya 13 inaweza kufanana nazo mpaka unywele, lakini haihesabiwi.

Basi nikachukua sanamu yangu ya mama mchuuzi wa dagaa, nikaichora upya kwa rangi tatu, nikaamua ziwe 40 na nyongeza nne za msanii, yaani nakala zangu mwenyewe nje ya zile 40. Nikaiita Mama wa Mwaloni. Wanaotoka kwenye fulana, sikilizeni: kitambaa cha skrini cha nyuzi 43 kwa sentimita kinamwaga rangi nyingi mno kwenye karatasi. Tafuta cha 90 au zaidi, mistari itoke kama ulivyoichora. Rangi ya maji inakauka ndani ya skrini jua likipanda, kwa hiyo chapa alfajiri. Na mnaochapia kando ya ziwa mnawajua wale wadudu wanaokuja kama wingu la moshi kutoka majini. Siku wakitua, funga madirisha ulale. Ninayo karatasi moja ambayo shavu la mama yule lina mbawa ndogo mbili zilizoganda kwenye rangi nyekundu. Mke wangu anaipenda kuliko zote.

Baada ya rangi kukauka nilibandika vitu kwa mkono: kipande cha wavu wa dagaa wa zamani kwenye ungo, na ukanda wa kanga kiunoni, kila karatasi kanga yake. Tiketi na risiti za mashine msibandike, ule wino unafifia mpaka karatasi inabaki nyeupe. Gazeti nalo linageuka njano upesi. Gundi nyeupe, kidogo, kisha ubao juu na jiwe zito usiku kucha. Mwanza hatujawahi kukosa mawe.

Chini ya picha, kwa penseli: namba upande wa kushoto, jina la kazi katikati, sahihi kulia. Penseli kwa sababu kalamu ya wino inafifia na inapenya karatasi. Halafu nikafungua daftari. Kila namba ina mstari wake: nani kanunua, lini, bei gani, na kimebandikwa kipande gani cha kanga. Ya mwisho ilipotoka, nikachukua wembe nikapasua skrini zote tatu kutoka kona hadi kona na kuzitundika ukutani. Jirani yangu, fundi wa fulana, aliniuliza kama nimerogwa. Kitambaa kile si bei ya karanga.

Zilianza kwa shilingi 60,000. Zilipobaki kumi nikapandisha hadi 120,000, na zikaisha haraka kuliko za mwanzo. Nilijisikia mtu.

Kisha mzee mmoja aliyestaafu kazi ya meli, mwenye namba 4, akanipigia. Hakuitikia hata shikamoo yangu. "Kijana, uliniambia ziko 40. Nimetoka kuona 16 kwenye nyumba moja ya wageni, kila chumba na yake. Umenifanya mjinga." Akakata.

Nilikwenda kwenye hiyo nyumba ya wageni. Kweli, zimepangwa koridoni na vyumbani, Mama wa Mwaloni kila mlango, kubwa kuliko za kwangu, zimechapwa kwa mashine ya mabango. Mwenye nyumba hakuona aibu. Akasema alinunua kwa hela yake, na kilicho chake anafanya anavyotaka. Nilisogea ukutani nikapitisha kidole: laini kama kioo. Wavu ni picha ya wavu. Na kwenye kona ya ungo kuna uzi mmoja uliojikunja, uleule, mahali palepale, katika kila nakala. Kiunoni, kanga ya korosho nyekundu kwenye nyeusi. Nilirudi nikafungua daftari. Korosho nyekundu kwenye nyeusi ni namba 11, na namba 11 niliiuza kwake.

Jioni nilikwenda kwa mzee na daftari kwapani, skrini zilizopasuliwa kwenye bajaji. Alikuwa barazani. Hakusema karibu, lakini alipokea daftari, akasoma majina yote kwa miwani mbili. Akaingia ndani akatoka na namba 4 yake, akaipapasa kwa dole gumba, taratibu, juu ya mafundo ya wavu, kisha akaweka mkono ndani ya mpasuko wa skrini mpaka ukatokea upande wa pili. "Hii ungeweza kuendelea kuitumia?" Nikamwambia miaka, mzee. Akamwita mjukuu alete chai.

Sasa, dada yangu wa Musoma, fikiria ningekuwa nimechapa zile 20 unazozisema wewe. Ningempelekea mzee yule nini? Mwizi wangu angekuwa amenizidi kwa ukubwa wa karatasi tu.

Huyo wa nyumba ya wageni bado anazo ukutani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi: ukinunua picha umenunua karatasi, haki ya kuirudufu inabaki kwa msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Nimeandika barua, nimefuatilia, nimechoka, nafuatilia. Njia ile siipiti tena. Nikienda mjini nazunguka. Kinachoniuma zaidi ni watu wenye uwezo walionicheka kwamba ningefurahi kutangazwa bure. Wasanii wenzangu, tukikubali lugha hiyo tumekwisha. Tunalalamika watu hawaheshimu kazi zetu, halafu sisi wenyewe tunachapa ya 41 gizani. Tunadai bei ya kitu adimu huku skrini nzima iko chini ya kitanda. Heshima inaanzia kwenye mkono wako wewe unayeshika penseli. Ukiandika 30, ziwe 30. Na usinijie na ujanja wa kubadili rangi ya anga ukaiita kazi mpya. Mnunuzi si mtoto. Kama ulitaka matoleo mawili ungesema kabla hujauza la kwanza.

Kodi je? Najua, mwenye nyumba hali sahihi yako. Kama uliweka nyongeza za msanii, ziuze kama nyongeza, ziandikwe hivyo, na kwa bei ya juu. Wanaokupigia simu waandike kwenye daftari kwa mpangilio, waambie kazi inayofuata wao ndio wa kwanza kuchagua namba, na waombe nusu ya malipo kabla hujaanza. Atakayekataa hakuwa mteja, alikuwa anapiga soga. Mimi ndivyo nilivyofanya kwa kazi mpya ya wavuvi wa Igombe: zitakuwa 25, na waliokosa Mama wa Mwaloni wamelipa nusu kabla sijatengeneza hata skrini moja. Mzee wa meli amechukua namba 4 tena, na amenionya kwamba safari hii atakuja mwenyewe na wembe.